Zile Namba Mbili Nilizozihesabu Mara Mbili

Niliwahi kukokotoa uwezekano nikapata 7/6, nikalipigia jibu mistari miwili na kugeuza ukurasa. Swali lilihusu dadu moja: kuna uwezekano gani wa kupata namba shufwa au namba inayozidi 2? Shufwa ni tatu kati ya sita, zinazozidi 2 ni nne kati ya sita, nikajumlisha. Aliyesahihisha aliweka alama kubwa ya kuuliza tu, basi. Uwezekano hauvuki 1, maana 1 ni uhakika wenyewe.

Nilikuwa nimezihesabu 4 na 6 mara mbili, kwa sababu zimo katika makundi yote mawili. Ukitoa zile 2/6 zilizorudiwa, unabaki na 5/6. Hakikisha kwa vidole: 2, 3, 4, 5, 6. Imekosekana 1 peke yake.

Nadhani lugha nayo ilinichezea. Ukiambiwa "njoo leo au kesho", huendi siku zote mbili. Katika hesabu, "au" inakubali hili, lile, na yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo kabla sijajumlisha, siku hizi najiuliza: je, haya yanaweza kutokea kwa mpigo mmoja? Yakiweza, nachora duara mbili zinazopishana na kuanza kujaza pale katikati. Ukianzia pembeni utajikuta unafutafuta.

Lililonisumbua muda mrefu zaidi ni kuipata hiyo sehemu ya katikati. Nilikariri kwamba unazidisha tu. Katika swali langu la kwanza njia hiyo inakubali: 1/2 mara 2/3 ni 1/3, sawa na 2/6. Ikanidanganya! Badilisha swali kidogo, liwe shufwa au inayozidi 3. Ukizidisha unapata 1/4, lakini ukihesabu bado ni 4 na 6, yaani 2/6. Kuzidisha moja kwa moja kunafaa pale tu tukio moja lisipobadilisha uwezekano wa lingine. Hapa linabadilisha: nikikunong'oneza kwamba dadu imezidi 3, uwezekano wa shufwa unapanda kutoka 1/2 hadi 2/3. Usipokuwa na hakika, orodhesha na uhesabu.

Wengi pia huchanganya matukio yasiyotegemeana na yale yasiyoweza kutokea pamoja. Hayo ya pili yanategemeana mno: moja likitokea, lingine limeshakufa.

Ukikutana na maneno "angalau mara moja", achana na kujumlisha. Kurusha dadu mara nne hakukupi 4/6 ya kupata sita, kwa kuwa sita inaweza kutoka zaidi ya mara moja. Tafuta uwezekano wa kuikosa kabisa, yaani 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, kisha utoe kwenye 1: inabaki kama 0.518. Dadu mbili zikirushwa mara 24, kupata sita mbili kwa pamoja angalau mara moja ni kama 0.491. Ukijumlisha kienyeji, yote mawili yanatoa 2/3. Tofauti hiyo ya kamari inahusishwa na Chevalier de Méré, Mfaransa ambaye maswali yake yalimfikia mwanahisabati Blaise Pascal, naye mwaka 1654 akaandikiana barua na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat kuhusu hesabu za michezo ya bahati. Pesa zikiwekwa sawa kwa sawa, mchezo wa kwanza unamfaidi anayeuwekea dau. Wa pili unammaliza polepole.