Nyama ya pofu inakuwaje nyara?

Msomaji wetu wa Kilosa ameuliza hivi: «Nilisoma habari ya kijana aliyepandishwa kizimbani baada ya kukutwa na vipande vitano vya nyama kavu ya pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, na mwandishi akasema alikutwa na nyara za Serikali. Mimi nimezoea kusikia watu wakitekwa nyara, au ndege ikitekwa nyara. Nyama iliyokaushwa kwenye uchaga wa jikoni inakuwaje nyara, na Serikali iliiteka wapi? Waandishi wanakosea, au haya ni maneno mawili yenye sura moja?»

Waandishi hawakosei, na neno ni moja. Hata hivyo swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Niliwahi kuketi katika mahakama moja ya wilaya nikamsikia mzee, baada ya kusomewa shitaka la kupatikana na nyara, akijibu kwa unyenyekevu: «Mheshimiwa, mimi sijamteka mtu yeyote.» Mzee yule alikuwa anajua Kiswahili vizuri, na kwa maana ya neno aliyoizoea jibu lake lilikuwa sahihi. Ilibidi aelezwe kwamba jambo lililomleta pale ni jino la tembo.

Nyara, kwa asili, ni mali inayochukuliwa kwa adui aliyeshindwa: ng'ombe, nguo, silaha, na zamani hata watu. Jirani yake wa karibu ni ngawira. Katika Biblia ya Kiswahili mtumishi wa Isaya 53:12 «atagawanya nyara» pamoja na walio hodari, na hapo hakuna anayetekwa; kuna mali inayogawanywa baada ya ushindi. Kwa hiyo nyara ni kitu, wala si tendo. Tunaposema abiria walitekwa nyara, tendo lote limo katika kitenzi kuteka, na nyara inaeleza hali waliyotiwa abiria, yaani walichukuliwa wakafanywa kama mali ya mtekaji. Kwa kuwa kwa miaka mingi neno hili limetufikia kupitia habari za redio za ndege na watu waliotekwa, masikio yetu yameliunganisha na kitenzi chake hata tukasahau kwamba linaweza kusimama peke yake: nyara hii, nyara hizi, nyara nyingi.

Porini liliingia kwa njia ya tafsiri. Wawindaji wa Kizungu waliofika Afrika Mashariki kwa ajili ya wanyama wakubwa waliziita ngozi ya simba, kichwa cha nyati na pembe za tandala kwa neno la Kiingereza «trophy», ambalo chimbuko lake ni la Kigiriki na lilikuwa na maana ya alama ya ushindi iliyosimamishwa vitani kwa silaha zilizotwaliwa kwa adui. Aliyelifasiri kwa nyara aliijua kazi yake, kwa sababu aliifikia maana ya vita iliyokuwa imejificha ndani ya neno la kigeni. Hata hivyo tafsiri hiyo ilileta mtazamo ambao lugha yetu haikuwa nao kuhusu mnyama. Mwindaji wetu, yule msasi asiyeogopa mwiba, hakuwa vitani na pofu. Alitafuta nyama ya kula na ngozi ya kutumia, na jino la tembo alilitafuta kwa ajili ya biashara. Wafanyabiashara wa pwani, ambao maisha yao yalitegemea pembe za ndovu, walikuwa na istilahi zilizokamilika: jino kubwa ni buri, jino dogo ni kalasha, na pembe ya faru ni kipusa. Kila moja ni jina la bidhaa, na hakuna linalomtaja mnyama kama adui aliyeshindwa.

Sasa tuangalie neno la pili, Serikali, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa swali. Tarehe 7 Mei 1896, Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri iliyofanya uwindaji uhitaji leseni na iliyotenga maeneo ya hifadhi, moja upande wa magharibi wa Kilimanjaro na jingine Rufiji. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Mei 1900, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru ya Kongo walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Mkataba huo haukuthibitishwa na wote, lakini masharti yake yalifuatwa na sheria za makoloni: leseni, majira ya kufunga uwindaji, vizuizi juu ya nyavu na mashimo ya kunasia wanyama, na kutaifishwa kwa meno ya tembo yenye uzito chini ya kilo 5. Kalasha, ambalo sokoni lilikuwa jino la bei ndogo tu, likawa ushahidi wa kosa.

Nyavu na mashimo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya mwanakijiji, na bunduki yenye leseni ndiyo iliyokuwa njia ya mgeni. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa wakati ambapo leseni ya mgeni katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, ilikuwa rupia 750, sawa na pauni 50. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, na ngozi na mafuvu yakasafirishwa kwenda makumbusho ya kwao. Zile zilikuwa nyara zake kwa sheria.

Mkataba wa pili wa London, wa tarehe 8 Novemba 1933, ulikwenda mbali zaidi. Ulisema kwamba nyara za mnyama aliyekutwa amekufa, au aliyeuawa kwa bahati mbaya, au aliyeuawa mtu alipokuwa anajihami, kimsingi ni mali ya serikali ya nchi husika. Tazama jinsi maana ilivyosogea: anayeokota jino la tembo aliyekufa kwa uzee hajapigana na mnyama wala hajamshinda, lakini alichokiokota ni nyara, na si yake. Wazo hilo limeendelea katika sheria zetu za wanyamapori hapa Tanzania, ya mwaka 1951, ya 1974, na sasa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambayo kifungu chake cha 86 kinahusu kupatikana na nyara za Serikali bila kibali. Kisheria nyara ni pamoja na pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, manyoya, yai na nyama. Kwa hiyo vile vipande vya pofu vilivyokuwa kwenye uchaga vimo.

Kwa maoni yangu, basi, mzigo wote wa msemo huu umebebwa na silabi moja, ile za ya umilikaji. Meno mawili ya tembo mmoja yanaweza kuwa nyara za mtalii mwenye leseni katika kitalu cha uwindaji, au nyara za Serikali mkononi mwa mwanakijiji, na hakuna kitu katika meno yenyewe kinachoonyesha tofauti. Si kweli kwamba kabla ya ukoloni kila mwindaji alichukua chote alichokiangusha. Sehemu nyingi za bara, jino la tembo lililogusa ardhi lilipelekwa kwa mtawala wa nchi ile. Lakini jino la pili lilibaki kwa mwindaji, na nyama ililiwa na watu wake.

Wakati huohuo neno jangili lilipata kazi mpya. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, lenye maana ya wa mwituni, asiyestaarabika, na kwa Kiswahili limetumika kwa mhalifu yeyote mkorofi kabla ya kubanwa zaidi na zaidi kwenye maana ya anayewinda bila kibali. Ni neno la kulaani, na mwandishi anayeliweka mbele ya jina la mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa amekwisha kumhukumu. «Mtuhumiwa wa ujangili» ndiyo namna ya haki.

Kwa waandishi ningeomba mambo mawili zaidi. Wasiseme watu «waliteka nyara za Serikali» wanapokusudia kwamba walikutwa nazo, maana hapo msomaji ataona uvamizi wa ghala. Pia wataje kitu kwanza, kisha jina lake la kisheria, ili anayesoma aone kilichokuwa mkononi mwa mtu. Habari ile ya Kilosa ingeweza kuandikwa hivi: «Kijana mmoja amefikishwa mahakamani akituhumiwa kukutwa na vipande vitano vya nyama kavu ya pofu, ambayo kwa mujibu wa sheria ni nyara za Serikali.»