Barua kwa mwanangu: utamu wa nyimbo za majonzi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza kwa nini nyimbo za majonzi za Bi Shakila, mwimbaji wa taarabu, zinakupa raha badala ya kukuvunja moyo, na kwa nini kila ukijaribu kuyaandika maneno yake unakwama ubeti wa pili. Nayajibu yote mawili pamoja, maana raha yenyewe imo mle mle kwenye maneno yanayokupita.

Wimbo wa taarabu asilia ni shairi kwanza. Mtunzi mwenye maumivu halii ovyo. Mstari wake una vipande viwili, mara nyingi mizani, yaani silabi, 8 kwa 8, vina vya kati vinalingana na vya mwisho vinalingana. Sikio lako likishazoea, linajua kina kinaangukia wapi kabla hakijafika, na kikifika moyo unatua. Uchungu ule ule ukisemwa bila kipimo, msikilizaji anachoka mapema.

Tazama mistari hii miwili niliyokutungia:

Mlango sijaufunga, taa sijaizimisha,
Usingizi naupinga, nyayo zikinigutusha.

Humo hamna "nalia" wala "nina huzuni". Mna mlango, taa na nyayo za wapita njia. Anayesubiriwa hakutajwa: huenda ni mume, mchumba, mtoto aliyesafiri, hata marehemu. Kila msikilizaji anamweka wake. Ndiyo maana ukumbini watu wanainuka kwenda kumtunza mwimbaji fedha kwa mstari mmoja, kila mtu na lake. Mipasho, yaani nyimbo za vijembe, haiko hivyo, kwani anayesemwa anajijua na waliokaa pembeni wanamjua. Nayo ina wapenzi wake, ila usiitafutie faraja.

Sasa chukua jina la wimbo unaoupenda, "Macho Yanacheka, Moyo Unalia". Hesabu: ma-cho-ya-na-che-ka, sita, mo-yo-u-na-li-a, sita. Uso upande mmoja, moyo upande wa pili, na uzito umelingana. Muziki wa Tanga nao unafanya kazi hiyo hiyo. Black Star na Lucky Star, vikundi alivyong'ara navyo Bi Shakila, havikutegemea safu ya fidla, udi na ganuni kama vikundi vikubwa vya Unguja. Vilikuwa na watu wachache, gitaa la umeme na besi, na mdundo unaochezesha mguu huku maneno yanalia. Ukisikilizia spika ya simu, besi inapotea, kinabaki kilio peke yake, na nusu ya wimbo huijui. Vaa hedifoni, au chomeka simu kwenye redio kubwa.

Kuandika maneno, fanya hivi. Mara ya kwanza usishike kalamu. Sikiliza vina tu, uvijue. Ukirudia, andika kipande kimoja kimoja, na usiposikia acha pengo, usibuni. Mwimbaji hurudia nusu mstari mara mbili tatu. Wewe iandike mara moja. "Ee", "aa" na "jamani" za kujazia sauti zitoe, si za shairi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu ubeti mzima, wanahesabu marudio na viitikio kisha wanasema mtunzi hakufuata kanuni.

Halafu hesabu mizani kwa kidole. M inayosimama peke yake ni mizani kamili: m-la-ngo ni tatu. Mwa ni moja: mwa-na ni mbili. Ukipata 9 penye 8, uwezekano mkubwa umeandika unavyozungumza wewe, si alivyoimba yeye. Umeandika "ninakungoja", kumbe kasema "nakungoja". Katika mstari wangu ule, mtu akiandika "taa bado sijaizima" maana haijapotea, lakini mizani imekuwa 9 na kina cha -sha kimeanguka. Ujue kasikia vibaya. Ukipata 7, kuna silabi iliyomezwa katikati ya mvuto wa sauti. Rudi hapo hapo, sikiliza mwanzo wa neno, maana mwisho wake sauti inauvuta mrefu na unasikika wenyewe.

Pengo likibaki, kina kitakusaidia: tafuta neno linaloishia hivyo na linalokubaliana na habari. Na maneno kama muhibu, mwandani, hasidi na simanzi usiyaruke kwa kuwa hayasemwi sana mtaani. Tazama kamusi, au niulize.

Kuhusu hofu yako kwamba utazama kwenye huzuni, mimi napima hivi: wimbo ukiisha, una hamu ya kula, kuzungumza na watu, kuusikiliza mwingine? Basi umekufaa. Lakini ukiurudia huo mmoja usiku kucha na usingizi umekataa, zima simu, na asubuhi nipigie. Hapo kuna jambo la kwako ambalo wimbo hauwezi kukumalizia.

Ubeti uliokushinda niandikie hivyo hivyo na mapengo yake, idadi ya mizani uiweke pembeni ya kila kipande. Ijumaa baada ya Isha tuujaze kwa simu.

Wasalimie wenzio.

Mama yako