Maswali ya Wasomaji: Protini Zinazonata Kwenye Kapilari

SWALI: Habari zenu wataalamu. Napima lisozimu, protini ya ute wa yai, kwa elektroforesisi (kutenganisha molekuli kwa umeme), kapilari (mrija mwembamba) ya silika tupu yenye kipenyo cha ndani cha mikromita 50, bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya fosfati pH 7. Kilele cha protini kwenye grafu kina mkia mrefu, na kila nikirudia kinachelewa zaidi. Ninunue kapilari iliyopakwa tayari? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Usinunue bado, ndugu, paka mwenyewe kwa polibrini, polima yenye chaji chanya. Kwenye pH 7 ukuta wa silika una chaji hasi, na lisozimu, ambayo pI yake (pH ambapo chaji zake husawazika) ni karibu 11, ina chaji chanya. Lazima zing'ang'aniane. Kapilari ya sentimita 60 hubeba mikrolita 1.2 tu, kwa hiyo protini haiko mbali na ukuta hata kidogo. Ile iliyonata hupunguza chaji ya ukuta, mtiririko wa elektroosmosisi (bafa inayosukumwa na umeme kwa sababu ya chaji ya ukuta) unalegea, na kilele kinachelewa.

Choma kwanza dirisha la kipimo, pale mwanga wa kigunduzi unapopita. Ukichoma baadaye, moto unaharibu polima. Suuza kwa hidroksidi ya sodiamu ya mola 1 dakika 30, maji dakika 15. Pitisha polibrini ya asilimia 5 kwa dakika 15, halafu dekstrani salfeti (polima yenye chaji hasi) ya asilimia 3 kwa muda huohuo, kisha polibrini tena, ukisuuza kwa maji kila baada ya tabaka. Tabaka tatu hudumu kuliko moja. Sasa ukuta ni chanya na mtiririko umegeuka: badilisha na ncha za umeme, la sivyo utakodolea macho mstari mtupu. Tumia bafa ya pH 3. Albumini usiipime humo kwenye pH 7. Yenyewe ni hasi, itanata.

Umeme ukikatika, tumbukiza ncha zote mbili kwenye maji. Bafa ikikaukia ndani, chumvi huziba.

SWALI: Napaka kapilari kwa polima ya poliakrilamidi kwa njia ya mwanakemia Hjertén ya 1985, inayoifunga ukutani kwa silani, lakini mchanganyiko haushiki, unabaki majimaji. (Msomaji, Mbarara)

JIBU: Sababu ni oksijeni, inayozuia polima kushika, au pasalfeti, inayoianzisha. Vuta hewa kwenye mchanganyiko kwa pampu kabla ya kutia kichapuzi cha TEMED (mikrolita 1 kwa mililita) na pasalfeti ya amonia (miligramu 1 kwa mililita). Pasalfeti nzima hutatarika ikitiwa maji; iliyokaa kimya ilishanyonya unyevu, tupa. Akrilamidi isizidi asilimia 4, maana ikizidi hutaweza kuisukuma itoke. Ni sumu ya neva, vaa glavu. Kapilari ikishapakwa, usiisuuze tena kwa hidroksidi ya sodiamu: hukata viungo vya silani, na polima yote huondoka.