"Dada, nimechafuka?"

Maswali yenu, majibu ya mkunga mstaafu

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 53, hedhi ilikoma nikiwa na 50. Tangu mwaka jana nawashwa, nimekuwa mkavu, na tendo la ndoa ni kama kupitishiwa wembe. Harufu yangu nayo si ile niliyoizoea. Mkojo unaunguza, na usiku naamka mara 3. Nimenunua krimu ya fangasi duka la dawa mara 4. Napata nafuu siku 2, hali inarudi. Sasa najiosha ndani kwa sabuni ya dawa na maji ya limau. Mume wangu ameanza kuniuliza maswali, nami sijui pa kuanzia. Je, nimechafuka? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujachafuka. Naanza na hilo kwa sababu najua barua kama hii huandikwa mlango ukiwa umefungwa.

Nami yalinikuta nikiwa na miaka 51, bado nafanya zamu za usiku wodi ya wazazi. Mimi niliyekuwa nawakataza wanawake kujiosha ndani, nilijisugua kwa sabuni ya dawa wiki nzima mpaka kukaa kukawa taabu. Daktari mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Nani amekupima?" Hakuna aliyenipima. Nilikuwa nimejitibu kwa aibu.

Tangu ulipovunja ungo, homoni ya estrojeni ilikuwa inazinenepesha kuta za uke na kuzijaza aina ya sukari iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikimeng'enywa huwa chakula cha laktobasili, bakteria walinzi ambao daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Wao huigeuza kuwa asidi ya laktiki, ileile inayochachusha maziwa ya mgando. Kwa hiyo uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kwa kawaida ni mchachu: pH yake huwa kati ya 3.8 na 4.5, na namba ikishuka uchachu unazidi. Vijidudu vingi, wakiwemo wanaotoka njia ya haja kubwa, hawastawi humo.

Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka. Kuta hukonda, sukari hupungua, walinzi hukosa chakula, na kwa wengi wetu pH hupanda kupita 5. Bakteria wa aina nyingine huhamia, na harufu hubadilika. Mabadiliko hayo peke yake si maambukizi, wala si ushahidi kwamba kuna mtu ametoka nje ya ndoa. Kuwashwa, ukavu na maumivu mara nyingi hutokana na kuta zenyewe kuwa nyembamba. Njia ya mkojo nayo huishi kwa estrojeni hiyohiyo, na ndiyo sababu ukavu na mkojo kuunguza vimekujia pamoja.

Sasa hizo krimu 4. Fangasi hustawi palipo na estrojeni na sukari, kwa hiyo baada ya hedhi kukoma huwa adimu zaidi, isipokuwa kwa mwenye kisukari au anayetumia homoni. Nadhani ile nafuu ya siku 2 ilitokana na ulaini wa krimu. Limau nalo liache leo hii. Uchachu wa kumiminwa haulishi laktobasili hata mmoja. Unachoma ngozi ambayo tayari imekonda. Sabuni, shabu, mtindi, majani ya kufukizia, vyote viache. Osha nje tu, kwa maji.

Nenda kliniki, useme wazi kwamba hedhi imekoma na tendo la ndoa linauma. Omba uangaliwe kwa macho, siyo kuandikiwa dawa ukiwa kwenye kiti. Omba majimaji ya uke yapimwe, sukari ya damu ipimwe, na mkojo uoteshwe maabara, maana "UTI" nyingi za umri wetu hutibiwa kwa kukisia, na kila dozi ya antibiotiki isiyo na sababu inaweza kuwaua hata walinzi wachache waliobaki.

Ikionekana ni upungufu wa estrojeni, iko dawa ya estrojeni ya kiwango kidogo inayowekwa ukeni, ya krimu au kidonge. Kwa kawaida huwekwa kila siku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Usitegemee muujiza wa siku 3. Huchukua wiki kadhaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kwa wanawake waliosumbuliwa na UTI za kujirudia, waliotumia krimu hiyo walipata maambukizi kwa wastani wa 0.5 kwa mwaka, na waliopewa krimu isiyo na dawa 5.9. Baada ya mwezi mmoja laktobasili walikuwa wamerudi kwa wanawake 22 kati ya 36 waliotumia dawa. Waliopewa krimu tupu, hawakurudi kwa hata mmoja. Takwimu hizo ndizo zilizonituliza mimi. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Duka dogo huenda lisiwe nayo, uliza hospitali kubwa.

Kwa tendo la ndoa, tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi yanafaa kwa wengi, ila kamwe siyo pamoja na kondomu, huipasua.

Na mumeo mweleze kama nilivyokueleza, kabla ya kulala, siyo wakati wa tendo. Akitaka, mpeleke kliniki asikie mwenyewe. Mume wangu alikuja, akakaa kimya muda wote, na njiani kurudi akaniuliza kwa nini nilivumilia miezi yote ile.

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 61, hedhi ilikoma miaka 8 iliyopita. Juzi ameona damu kidogo kwenye chupi, mara moja tu. Anasema ni ukavu, na hataki kwenda hospitali. – Binti yake, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda ni ukavu kweli. Lakini damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, lazima ichunguzwe, kwa sababu saratani ya mfuko wa uzazi huanza hivyohivyo, na ikikutwa mapema hutibika vizuri. Wiki hii, usingoje itoke tena. Mpeleke wewe mwenyewe, na mle ndani ingia naye.