Makaburi ya zamani vijijini Ireland: kwa nini mawe mengi hayana majina

Dada, umeuliza kwa nini makaburi mengi ya vijijini kule yamezunguka gofu la kanisa, na mawe mengine hayana hata herufi moja.

Magofu ni mambo ya karne ya 16. Mageuzi ya kidini yalipoingia, makanisa ya parokia yalichukuliwa na Waanglikana, mengi yakaachwa yakabomoka. Wakatoliki hawakuhama, waliendelea kuzikana palepale walipolala babu zao.

Mawe yasiyo na maandishi ni ya maskini: wanaokota jiwe shambani, wanalisimamisha, basi. Mwenye uwezo ndiye aliyemlipa fundi, na desturi hiyo ilienea zaidi karne ya 18. Ukibahatika utaona herufi IHS (kifupi cha jina la Yesu), ngazi, nyundo na misumari ya msalabani, na kile ninachokipenda mimi: jogoo anayechomoza kwenye chungu. Hadithi yao inasema jogoo aliyekuwa anapikwa aliruka akawika kutangaza kwamba Yesu amefufuka.

Wengine hawakupata hata jiwe. Kwenye makaburi ya Abbeystrewry, karibu na mji wa Skibbereen, maelfu waliokufa kwenye Njaa Kuu ya miaka ya 1840 wamelazwa kwenye mashimo ya pamoja.

Maandishi yakiwa yamefifia, mulika tochi kutoka ubavuni, jioni, upige picha. Brashi ya waya usiguse kabisa! Rejista nyingi za parokia za Kianglikana ziliungua Dublin mwaka 1922, kwa hiyo pengine jiwe hilo ndilo kumbukumbu pekee iliyobaki.