AC ilikuwa rahisi, nyumba ndiyo iliyotumaliza

Januari 2024 mama alitoka hospitali na agizo la daktari kwamba apumzike. Apumzike wapi, kwenye chumba cha Ngamiani katikati ya kaskazi? Anayeijua Tanga anajua. Mchana jua linapiga bati mpaka linalia, usiku joto lote lililojificha darini linashuka juu ya kitanda, na pangaboi kazi yake ni kulizungusha joto hilohilo. Tukachangishana, watoto wanne. Mimi nikapewa kazi ya kununua na kusimamia kwa kuwa ndiye niliyekuwa likizo.

Bajeti ilikuwa milioni moja na nusu. AC ya inveta (ile inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa, badala ya kuzima na kuwaka), BTU 12,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza), niliipata kwa 1,150,000, na dukani wakaniambia ufungaji ni bure. Nikajiona mjanja, chenji itabaki. Tulipomaliza tulikuwa tumetoa 2,590,000. Mashine yenyewe haikupanda hata senti. Iliyobaki yote ilikwenda kwenye nyumba. Baba aliijenga mwaka 1976, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Kama nawe unataka kumfungia mzazi AC kwenye nyumba ya umri huo, soma kabla hujaenda dukani.

Huyo fundi wa bure alikuja siku ya pili. Alitazama ukuta, akatazama soketi ya kitandani, akasema tuchomeke hapo. Soketi hiyo mama huchomekea redio na chaja ya simu. Nikamwambia asubiri, nikamwita fundi umeme wa mtaani.

Fundi umeme alifungua mein switchi nyuma ya mlango, akacheka kidogo, akaniita nisogee. Zilikuwa zile fyuzi nyeupe za kauri. Kwenye mojawapo waya wa fyuzi haukuwepo. Kulikuwa na kipande cha waya wa kawaida kimesokotwa mara tatu. Kuna mtu alichoka na fyuzi kukatika akaamua kuikomesha, na namshuku marehemu baba. Kisha fundi akapanda darini, akavuta waya unaokwenda kwenye soketi ya mama, akaukunja tu kwa vidole. Ganda likapukutika kama la karanga.

"Dada, ungewasha AC hapa," alisema, "ingepoza chumba huku ikipasha dari."

Athi, yaani waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, nayo haikuwepo. Soketi zina tundu la tatu, ukifungua nyuma hamna kitu. Tukavuta waya mpya wa milimita 4 kutoka kwenye mein switchi hadi kwenye AC, peke yake, na breka yake ya ampia 20. Fyuzi za kauri zikatolewa, boksi la breka likawekwa, fimbo ya athi ikapigwa uani karibu na mwembe. Vifaa na ufundi, 485,000. Juu yake 70,000 ya kifaa cha kukinga AC umeme unaposhuka na kupanda, maana jioni watu wote wakiwasha, taa za mtaa wetu huwa zinafifia kwa macho. Mimi kwa maoni yangu, kama pesa yako mwaka huu inatosha kitu kimoja, rekebisha umeme na uendelee na pangaboi.

AC ikafungwa. Usiku wa kwanza chumba hakikupoa, na aliyetuonyesha sababu ni paka wa mama. Tulimkuta koridoni, amejinyoosha mbele ya upenyo wa chini ya mlango, ubavu umebanwa hapo kabisa, anapigwa na baridi ya shilingi milioni moja na ushee. Fundi akatuambia tuwashe udi ndani tufuate moshi. Moshi ukatoka chini ya mlango, ukatoka kwenye dirisha la luva ambalo vioo viwili havifungi, ukatoka kwenye matofali ya matundu juu ya dirisha. Wazee wetu walijenga hivyo kwa akili kabisa: hewa iingie huku itoke kule. Nyumba iliyojengwa ipumue, wewe unataka izuie pumzi.

Hapo ndipo pesa zilipotoka kwa kasi. Matundu tuliziba kwa tofali na plasta. Silingi bodi ya zamani ilikuwa imelegea na kutoboka kwa uvujaji, na kupitia hapo joto la bati lilikuwa linashuka moja kwa moja. Tukaibandua, tukapiga jipsamu. Kazi hiyo pamoja na kuziba matundu ilikuwa 390,000. Dirisha la luva lilitoka, likaingia la aluminiamu la kusukuma, 260,000. Chini ya mlango tuligongomea kipande cha raba, na hicho sikukihesabu, kilitoka kwenye ndara kuukuu. Bei hizi ni za chumba kimoja! Usithubutu kupiga hesabu ya nyumba nzima, utaghairi.

Kuhusu ukubwa, muuzaji alitaka kunipa ya BTU 18,000 "ili kipoe haraka." Chumba ni futi 12 kwa 12. Cha namna hiyo kwa kawaida 9,000 inatosha. Nilipanda hadi 12,000 kwa sababu ukuta unapigwa na jua la jioni na juu ni bati. Ukiweka kubwa mno, hasa isiyo ya inveta, inapoza chapuchapu na kuzima kabla haijakausha hewa. Unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, na kwa pwani unyevu ndio ugomvi wetu mkubwa.

Ufungaji wa bure nao ulikuwa na mkia. Ni mita tatu za mabomba, basi. Ukuta wa mama unapakana na uchochoro, hatukuweza kumtundikia jirani mashine usoni, ikabidi tuipeleke uani. Mita nne za ziada kwa 35,000 ni 140,000, na 95,000 nyingine kwa stendi na kizimba cha nondo, kwa sababu shaba ina wapenzi wake usiku. Hata hivyo tushukuru. Binamu yangu ana nyumba Mji Mkongwe, Unguja, kuta za mawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. Kutoboa tundu moja tu ni shughuli, na mashine ya nje huitundiki barabarani upendavyo, kuna mamlaka ya hifadhi ya kuulizwa kwanza.

Jambo moja simama nalo mwenyewe, usiende kupika chai. Kabla ya kufungulia gesi, fundi lazima avute hewa yote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu. Wa kwangu hakuja nayo. Alitaka kufungulia gesi kidogo ili isukume hewa nje, eti ndivyo wanavyofanya siku zote. Hewa ikibaki na unyevu wake, kompresa inakufa taratibu, na wewe utasema AC za siku hizi ni mbovu. Nilimrudisha akaazime pampu. Alinuna, akarudi nayo. Na mtu akikuuzia ya mtumba, tazama kibandiko: kama ni gesi ya R22 achana nayo, inaondolewa duniani kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, na kila mwaka itakuwa ngumu zaidi kuipata.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hili hakuna aliyenieleza. Mama peke yake na wapangaji wawili walikuwa hawafikishi yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo alikuwa kwenye ile bei ya wanyonge: shilingi 100 kwa yuniti, ukiongeza kodi na tozo ilikuwa kama 122. AC ilipoanza kula yuniti nne au tano kwa usiku, tukavuka, akahamishiwa bei ya kawaida, 292, ambayo na kodi zake ilifika kama 356. Tena bei hiyo ilikuwa ya kila yuniti, pamoja na ya taa na friji ambazo hazikubadilika hata kidogo. Elfu kumi aliyoizoea ikaanza kumpa yuniti 28, na akinunua mara ya kwanza kwa mwezi, kodi ya jengo inapokatwa humohumo, pungufu ya hapo. Mama alinipigia simu akidhani mita imeharibika. Wapangaji nao walikuwa wanachangia umeme kwa kugawana sawa, ikabidi tukae kikao uani na kumwekea mama mita ndogo ya AC ili alipe chake.

Sasa anaiwasha saa tatu usiku kwa nyuzi 26 na pangaboi kwa namba moja, anaizima alfajiri akiamka kuswali. Maji yanayotoka tunayakinga kwenye ndoo, na kipindi cha kaskazi inajaa kabla hajaamka; anamwagilia mchaichai. Kila miezi mitatu fundi anakuja kuosha mashine ya nje kwa maji yasiyo na chumvi, 30,000, maana chumvi ya baharini hula yale mabati membamba ya nyuma mpaka yawe unga. Mara ya kwanza aliposafisha alinionyesha kitambaa. Kilikuwa cheupe, ukikilamba kina chumvi. Alikilamba yeye, si mimi.