Usimwambie mwanao "kubali yaishe"

Hapa Tanga wengi huamini kwamba mtu hakiri kosa asilolitenda mpaka apigwe. Si kweli. Mpwa wangu alikiri wizi wa mashine ya boti pale Deep Sea, na hakuna aliyemgusa hata kofi.

Alihojiwa tangu asubuhi, kituo sikitaji. Wapelelezi walikuwa wawili, mkali na mpole, na aliyemmaliza ni yule mpole. "Mdogo wangu, najua wewe si mwizi, umeponzwa na marafiki. Sema tuandike, ukale." Kijana hajalala, simu hana, tumbo tupu. Akili ya hali hiyo haifikirii mahakama, inafikiria kutoka mle ndani. Na sisi ndugu ndio tukakoleza moto: dada yangu alifika kaunta na maandazi, akaomba mwanawe aambiwe, "Kubali yaishe, tutalipa."

Akakubali. Hayakuisha. Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandikia mtuhumiwa baada ya kumwonya kuhusu haki zake, yakasema aliificha mashine kwenye gunia la katani. Baadaye nikamuuliza gunia alilitoa wapi. "Mjomba, gunia alilitaja afande kwanza." Mashine yenyewe ilikuja kukamatwa Pangani, kwa mtu mwingine kabisa.

Suala la gunia ndilo linalonitisha zaidi. Anayehoji anadondosha habari ndani ya swali, anayehojiwa anairudisha kama jibu, na hakimu akiisoma anaona huyu bila shaka alikuwepo. Wala si lazima afande awe na roho mbaya. Akishaamini kampata mtu wake, hata hajui kama anamlisha maneno.

Haya yametokea hata kwenye nchi kubwa. New York, mwaka 1989, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walibebeshwa kesi ya ubakaji. Wanne walikiri mbele ya kamera, na baadaye wakaeleza kuwa waliamini wakikubali wataruhusiwa kwenda nyumbani. Mwaka 2002 mhusika halisi alijitaja, vinasaba vikamthibitisha, hukumu zao zikafutwa. Mwanasaikolojia Saul Kassin naye aliwasingizia wanafunzi kuwa wameharibu kompyuta kwa kubonyeza kitufe walichokatazwa. Asilimia 69 walisaini kukiri, na baadhi yao waliamini kabisa kwamba wamefanya!

Kwa hiyo ndugu yako akishikwa, nenda kituoni mapema, na uandike saa aliyokamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatoa muda wa msingi wa saa nne za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, labda uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Ana haki ya kuambiwa kosa lake, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Uliza kwa adabu, "Afande, naomba kumuona." Ubishi wa kaunta haujawahi kumtoa mtu. Ukiruhusiwa, mpe chakula na umwambie asitie saini wala dole gumba kabla ya kusomewa kila mstari, na kisicho chake aombe kirekebishwe.

Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa nje ya polisi, mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo, anayeandika maelezo ya kukiri, pale ndipo aseme kama alitishwa au aliahidiwa kitu. Na kama ameshasaini, wakili wake apinge maelezo hayo pale yanapotolewa mahakamani, asingoje utetezi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba aliyatoa kwa hiari ni wa upande wa mashtaka, si wake.